Sauti ya Kuazima

Siku Nkatha alipomwita Murad mwizi, alisema kwa sauti kubwa na bila wasiwasi wowote, maana aliamini kwamba katika umati ule hakuna anayesikia Kiswahili.

Ilikuwa jioni ya Novemba, kituo kimoja cha treni mjini Toronto. Treni zilikuwa zimekwama kwa sababu ambayo kipaza sauti kiliitangaza mara kwa mara na hakuna aliyeielewa. Watu walikuwa wamebanana, makoti yao yananuka theluji na kahawa. Nkatha alivaa koti la rangi ya haradali na kilemba cha kitenge cha buluu alichokifunga juu, kwa madaha, kama mtu anayekwenda harusini badala ya nyumbani kula ugali. Simu ilikuwa sikioni, akiongea na Benedicta, rafiki yake Mtanzania aliyekaa naye nyumba moja kule Crescent Town.

"Usiningoje, niwekee chakula," alisema. "Na nikipotea, mshukiwa ni Mhindi mmoja yuko hapa nyuma yangu. Amekumbatia kitu kwenye blanketi. Kameiba mahali, naona vile kanatazama watu. Lakini wacha nikwambie ukweli, Bene, ni kazuri. Kana kope kama za ngamia."

"Si wizi, dada," ikasema sauti nyuma ya kilemba chake. "Ni sinema. Na kope nimerithi kwa mama."

Nkatha aligeuka. Kwenye simu, Benedicta alikuwa amesikia kila kitu na alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Kiswahili umejifunzia wapi wewe?" Nkatha aliuliza.

"Jikoni kwa bibi. Yeye mtu wa Tanga. Mimi nimezaliwa hapa hapa Toronto."

"Ndiyo maana unaongea kama hakimu mstaafu."

"Na wewe unaongea kama mtu wa Kenya. Bibi angekusikia unasema 'wacha nikwambie', angekutafutia mwiko."

Treni ilipokuja hatimaye, walipanda pamoja, ingawa Murad Fatehali alikuwa anakwenda upande mwingine kabisa.

Kazi yake ilikuwa kufufua filamu za zamani. Alizisafisha, akaunga zilipokatika, akazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijageuka vumbi. Ndani ya blanketi mlikuwa na makopo ya filamu ya Aurelia Montiel, mwigizaji na mwimbaji wa tango kutoka Ajentina, aliyekuwa nyota wakati bibi yake Murad angali binti wa shule. Mwenye jumba moja la sinema Tanga alikuwa na tabia ya kununua filamu kwa mafungu bila kuuliza lugha. Siku moja ikatoka hiyo ya Kihispania. Basi akasimamishwa mtu kando ya pazia, mwenye domo kubwa na maneno mengi, akawa anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, huku watu wanalia na kutafuna karanga.

"Bibi hajaisahau," Murad alisema. "Anataka kuiona tena kabla hajafa, na anaitaka vile vile, na mtu wa kusimama kando na kusema kwa Kiswahili. Nimetafuta mtu mpaka nimechoka."

Nkatha alitabasamu dirishani. Kazi yake yeye ilikuwa ukalimani wa simu. Hospitali zilimpigia, daktari akasema kwa Kiingereza, mgonjwa akasema kwa Kiswahili, naye akakaa katikati. Sheria ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Anasema "mimi ninaumwa." Kwa miaka kadhaa, akiwa amekaa kitandani kwake na soksi za sufu, Nkatha alikuwa ameumwa kila ugonjwa uliomo duniani.

"Nitamsemea mimi," alisema.

Basi ndivyo mapenzi yalivyoanza, na yakaenda mbio. Kila Jumamosi mchana walikutana sebuleni kwa Bi Sughra, bibi yake Murad, mwembamba, mkali, shali la kijani mabegani. Walicheza filamu, wakasimamisha, wakatafuta maneno. Bi Sughra alikaanga kachori na kusahihisha kila mtu. Katikati ya juma zilikuwa simu.

"Umekula, Ngamia wangu?"

"Sijala. Nakusubiri unisomee Aurelia."

"Nimwache mume wangu au nimsamehe?"

"Mwache polepole, kipenzi. Ukimwacha haraka filamu inakwisha."

Mama yake Nkatha, mzee wa kanisa la Methodisti kule Meru, alikuwa bado hajaambiwa kwamba kuna mtu anaitwa Murad. Hilo lilikuwa na hofu yake, lakini ni hofu ya kawaida, ya kila binti. Ile nyingine ilikuja kwa njia ya Aurelia mwenyewe.

Mwanamke huyu alizaliwa nyuma ya kiwanda cha nyama pembezoni mwa Buenos Aires. Aliimba akifua nguo za mabaharia, mtu wa redio akapita, akasimama. Baada ya muda si mrefu picha yake ilikuwa juu ya vibiriti. Akaigiza filamu moja baada ya nyingine, nyusi zimechorwa nyembamba, gauni limebana nyonga, na katika kila filamu kuna mwanamume anamwacha, naye anasimama mahali pazuri na kumwimbia huyo anayekwenda. Nchi nzima ilizoea kuachwa pamoja naye. Mpiga bandoneoni wake, kile kinanda cha kukunja cha mikononi, ndiye aliyekuwa mchumba wake. Aliitwa Ramiro, na watu walisema wale wawili wanapumua pamoja.

Jumamosi moja Nkatha alisimamisha filamu. "Murad, huyu si yeye anayeimba."

"Umejuaje?"

"Kazi yangu ni kusikiliza. Kifua chake kinapumua mahali pengine, sauti inapumua mahali pengine. Hata akisema tu, si yeye."

Murad alimtazama kwa mshangao wa mapenzi. "Hii ilikuwa filamu yake ya mwisho. Alipata ugonjwa wa koo, sauti ikaisha. Wenye filamu wakamtia mdomoni sauti ya msichana mwingine. Hakuigiza tena baada ya hapo."

"Na Ramiro?"

"Alikwenda na yule msichana. Alifuata sauti."

"Kumbe hakumpenda yeye."

"Sijui. Labda sauti ndiyo ilikuwa yeye." Murad akavuta kiti karibu na kumnong'oneza ili bibi asisikie. "Hata mimi nilipenda sauti yako kwanza. Pale kituoni, kabla hujageuka, nilikuwa nimeshakwisha."

Maneno matamu, na mwanamke mwingine angeyala pamoja na kachori. Nkatha aliinua mkono taratibu akagusa shingo yake, upande wa kulia, chini ya mtandio. Uvimbe ulikuwa pale pale alipouacha asubuhi.

Alikuwa ameugundua wakati wa kuoga. Daktari alikuwa amekwisha kumpeleka kwenye vipimo, na siku chache baada ya ile Jumamosi daktari mpasuaji, mama mpole mwenye miwani, alimchorea picha kwenye karatasi. Hii tezi. Huu uvimbe, lazima utoke, hatujui ni wa aina gani mpaka tuutoe. Na huu hapa, mwembamba kama uzi, ni mshipa unaotikisa nyuzi za sauti. Umeambatana na uvimbe. Tutajitahidi.

"Nikiamka sitaongea?" Nkatha aliuliza.

"Huenda ukaongea kwa mikwaruzo. Huenda ikarudi baada ya miezi. Huenda isirudi."

Maneno hayo hayo alikuwa ameshayatafsiri kwa wengine, na alikuwa ameyatafsiri vizuri. Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumsemea. Alitoka nje, akasimama kwenye baridi akijaribu sauti yake kwa kutaja majina ya vituo vya treni, kimoja baada ya kingine, na wapita njia wakamkwepa.

Hakumwambia Murad. Tusimlaumu haraka. Ukiogopa kitu sana, kukitaja ni sawa na kukifungulia mlango. Alianza kuahirisha mazoezi. Leo kazi, kesho mafua. Simu ya Murad ikilia, moyo unamruka kabla hajaipokea, na akiipokea anasikiliza sauti yake mwenyewe inavyotoka, anahesabu ni kiasi gani kimebaki cha kupendwa.

"Nkatha, nimekukosea?" Murad aliuliza siku moja.

"Hapana, mpenzi. Nimechoka tu."

"Umechoka na kazi au umechoka na mimi?"

"Murad, tafadhali."

Akamwambia akalale. Alikuwa mtu wa staha, hakupenda kung'ang'ania mlango uliofungwa.

Hospitali ilikuwa imemwambia Nkatha angoje mwaka mpya. Kisha Alhamisi moja simu ikalia akiwa anaosha vyombo. Mgonjwa mwingine ameahirisha, nafasi ipo kesho asubuhi, anaitaka? Alisema ndiyo, na aliposema ndiyo akakaa chini jikoni na povu mikononi.

Asubuhi, akiwa amevalishwa gauni la hospitali lisilofunga nyuma, Benedicta ameshika begi lake, aliomba simu. Alitaka kumwambia Murad yote. Aligundua hawezi. Akabonyeza kurekodi, kikatoka kidogo tu kilichokuwa juu ya vingine vyote:

"Murad, ni mimi. Nimekukosa. Nimekukosa sana."

Akatuma. Wakamsukuma ndani.

Alipoamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita Benedicta. Mdomo ulifunguka, pumzi ikatoka, jina halikutoka. Akajaribu tena. Ilitoka sauti ya mlango mbovu. Nesi alimpapasa mkono akisema ni kawaida, subiri, usiilazimishe. Nkatha alisubiri huku macho yanamwaga machozi mpaka masikioni.

Kisha akaona simu. Murad alikuwa amejibu kwa maandishi.

"Nimekuelewa, Nkatha. Sitakusumbua tena."

Aliisoma mpaka herufi zikapoteza maana. Ameelewa nini? Amechoka na visingizio vyake. Amepata mwingine. Au mtu amemwambia habari za koo, naye ameondoka mapema kabla ya aibu ya kuondoka baadaye. Hofu haina kazi ngumu, ukiipa sentensi moja inajenga nyumba nzima. Aliandika, "Umeelewa nini?" akafuta. Akaandika, "Nilikuwa hospitali," akafuta. Akimwambia, atakuja kwa huruma. Atakaa kando ya kitanda na kope zake, amngoje aseme kitu, na yeye Nkatha atafungua mdomo.

Alirudi Crescent Town na plasta shingoni, akajifungia chumbani. Majibu ya uvimbe yalitoka, haukuwa wa saratani. Benedicta alipiga vigelegele. Nkatha alitikisa kichwa kushukuru, akarudi kugeukia ukuta.

Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho ambalo Murad alimwandalia bibi yake kwenye ukumbi wa jumuiya, Benedicta alichoka.

"Nataka kujua ulimwambia nini huyu mwanamume hata akanywea hivi. Nipe simu." Akaikuta ile sauti, akavaa visikizio. Akaisikiliza. Akavivua, akamtazama rafiki yake kana kwamba amemkuta anakunywa mafuta ya taa.

"Nkatha. Ulikuwa unamaanisha nini hapa?"

"Kwamba nina hamu naye," Nkatha alinong'ona kwa ile sauti yake mpya. "Kwamba nimem-miss."

"Huko kwenu Kenya! Kwetu ukimwambia mtu 'nimekukosa', umekata tamaa. Umemtafuta hukumpata, basi, kila mtu ashike njia yake. Na unasema kwa kilio hivyo, sana, sana! Huyu kijana Kiswahili chake kimetoka Tanga, jikoni kwa bibi. Amekwenda kumuuliza bibi, na bibi amemwambia, mjukuu wangu, mtoto wa watu ameaga." Akajishika kiuno. "Mkalimani mzima!"

Nkatha alianza kucheka. Kicheko hakikuwa na sauti, mabega tu yalitikisika, na katikati yake kikageuka kilio. Benedicta akamkumbatia.

"Mwandikie sasa hivi."

Nkatha akakataa kwa kichwa. Alitafuta pumzi. "Nikimwandikia, atakuja kwa Nkatha wa zamani. Nitakwenda mwenyewe. Anisikie kwanza, halafu aamue."

"Unaogopa?"

"Sana."

Kesho yake mchana alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, na shingoni akafunga mtandio mweusi, akaufungua, akaufunga tena. Ukumbi wa jumuiya ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwake, lakini alisimama njiani mara kadhaa akajifanya anatafuta kitu mkobani. Ndani, viti vilikuwa vimejaa. Kulikuwa na akina mama wa Kikenya na akina mama wa Kihindi, sambusa zinapitishwa, watoto wanasemeshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Bi Sughra alikuwa mstari wa mbele na shali lake.

Murad alikuwa amesimama kando ya pazia, suti nyeusi, kipaza sauti mkononi, amekonda. Kwa kukosa mtu, alikuwa anawasemea wote mwenyewe. Aurelia Montiel alikuwa anaongea kwa sauti nyembamba ya kubana pua, na watu walikuwa wanajichekea.

"Ewe bwana mdogo," alisema Aurelia wa Murad, "umeniachia majonzi na... na bili ya umeme."

Kisha akainua macho, akamwona Nkatha mlangoni. Sentensi iliyofuata haikuja. Kwenye pazia mume alifungua mdomo, akafunga, hakuna aliyemsemea. Watu wakaanza kugeuka.

Nkatha alitembea katikati ya viti. Aliwaza kwamba anaweza bado kugeuka, kusema amekosea ukumbi, kurudi kwenye chumba chake na ukuta wake. Aliwaza juu ya Ramiro. Alifika, akanyoosha mkono, na Murad, bila neno, akampa kipaza sauti.

Filamu ilikuwa imefika gatini. Meli inaondoka, mume yuko juu, Aurelia yuko chini na ua nyweleni. Ilikuwa ndiyo ile sehemu ya wimbo, ile ambayo Nkatha alikuwa ameifanyia mazoezi mpaka Bi Sughra akatokwa machozi juu ya kikaango. Sauti nzuri ya yule msichana mwingine ikapanda kwenye spika, safi kama chuma kipya.

"Nenda," Nkatha alisema.

Lilitoka neno lililokwaruza, likakatika katikati. Ukumbi ukanyamaza. Kwenye kimya kile mtoto akasikika wazi: "Mommy, what's wrong with her voice?" Na mama yake akamziba mdomo, amechelewa.

Jasho likamtoka Nkatha mgongoni. Hakuthubutu kumtazama Murad. Alimtazama Aurelia, mdomo wake mkubwa uliofunguka na kufungwa bila kitu chake ndani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba macho ya yule mama hayakuwa yanaigiza. Aurelia aliogopa mpaka kwenye kucha, na alisimama pale hata hivyo, mbele ya kamera.

"Nenda," alirudia. "Sitakushika mkono. Nilichokuwa nacho nimekupa. Kilichobaki ndicho hiki unachokisikia."

Hakuimba. Alisema mstari kwa mstari, pumzi ikimwishia, maneno mengine yakigeuka upepo mtupu. Hakuna aliyetafuna kitu. Meli ikaondoka, taa zikawashwa, watu hawakupiga makofi kwanza, walikuwa wanatafuta vitambaa vya kujifutia.

Murad alikuwa amesogea. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na hakuna kati yao aliyekumbuka.

"Ulisema umenikosa," alisema, na ukumbi mzima ukasikia.

"Kwetu maana yake nilikuwa na hamu na wewe."

"Hamu?" Bi Sughra alipaza sauti kutoka mstari wa mbele. "Sasa si angesema hamu! Nimemliza mjukuu wangu bure!"

"Nilikuwa naingia kupasuliwa." Nkatha aliushusha mtandio. Kovu lilikuwa bado jekundu. "Ugonjwa umekwisha. Sauti hawajui kama itarudi. Umeshasikia ilivyo. Na wewe ndiye uliyesema ulipenda sauti yangu kwanza. Basi sema sasa, Murad, nisiendelee kuogopa."

Murad alilitazama kovu, akamtazama usoni. "Nilisema kwanza," alijibu. "Sikusema peke yake. Ungeniuliza siku ile ningekwambia na ya pili na ya tatu, tungekesha." Sauti yake nayo ilikuwa inatetemeka. "Wiki nzima nimekaa na simu mkononi nikisikiliza ukiniaga. Nilijua kuogopa, Nkatha, lakini si hivyo."

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alipiga goti kwenye zulia la ukumbi wa jumuiya, kati ya waya na makombo ya sambusa. Kiswahili chake chote alikipata jikoni, na jikoni bibi hakuwahi kumfundisha kuposa. Akatafuta maneno, akayakuta kichwani yako kwa Kiingereza, akayageuza kama yalivyo.

"Nkatha, utanioa?"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipigana mabega, mzee mmoja akaangusha fimbo. Bi Sughra alisimama kabisa.

"Mwanamume haolewi, Murad! Unanitia aibu mbele ya watu! Sema nikuoe! Ni-ku-o-e!"

Murad alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Samahani. Nilitaka kusema..."

"Wacha hivyo hivyo," Nkatha alisema.

Akangoja vicheko vipungue. Mkono mmoja ulikuwa begani mwa Murad, mwingine ulikuwa na kipaza sauti, akakisogeza mdomoni ili na wale wa viti vya nyuma wasikie.

"Nitakuoa," akasema, kwa sauti ile ile iliyokwaruza.